Wahojiwa Arobaini wa Isambilo

Nchi hii haitatajwa jina, wala si kwa uoga. Kila mwananchi aliyeulizwa nchi yake inaitwaje alitaka kwanza kujua swali hilo linatoka ofisi gani, na mpaka leo ofisi haijapatikana. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye milima, mito, bendera na chuo kikuu kimoja, na kwamba watu wake ni wapole.

Chuo kikuu hicho kilikuwa na tatizo. Vijana waliokuja kusoma historia, fasihi, falsafa na elimu ya jamii walikuwa wakiingia darasani na maswali. Mhadhiri anafungua daftari lake, hata hajakohoa, mkono umeshapanda huko nyuma. Wahadhiri walilalamika Wizarani kwamba muhula mzima unapotea katika kujibu, na kwamba wapo wenzao waliojikuta wakifikiri mbele za watu, jambo ambalo halimo katika mikataba yao ya kazi. Wizara haikupenda kuona watu wazima wakiteseka. Ikaunda Kituo cha Taifa cha Kuwaandaa Wanafunzi kwa Masomo ya Binadamu na Jamii, na tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga chuo kikuu kusoma fani hizo kabla ya kukaa Kituoni mwaka mzima na kuandaliwa.

Nyamizi aliandaliwa katika mwaka wa kumi na tatu wa Kituo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea. Kwenye usaili aliulizwa kwa nini anataka kusoma historia. Alisema anataka kujua ni nani huamua kitu gani kiandikwe. Wasaili walitazamana, kisha mmoja akaandika kwenye fomu yake: *Anahitaji maandalizi.*

*

Masomo ya Kituo yalikuwa na utaratibu mzuri. Katika fasihi, wanafunzi walisoma dibaji za vitabu, kwa sababu dibaji zote zilikuwa zimetiwa saini na Waziri. Kuingia ndani ya kitabu kulihesabiwa kuwa ni pupa. Katika historia walikariri tarehe za ziara rasmi, pamoja na rangi ya zulia lililotandikwa. Falsafa ilifundishwa siku ya Alhamisi: mwanafunzi alikaa saa mbili bila kusema neno, kisha akapewa alama kulingana na ukimya wake. Ukimya wa kukunja uso ulipata chini ya nusu.

Jambo jingine lilikuwa kingo za karatasi. Kituo kilikuwa kimegundua kwamba mwanafunzi akiachiwa nafasi nyeupe pembeni mwa ukurasa, huandika humo. Huandika “kweli?” au “ushahidi?” au alama tupu ya kuuliza. Basi ikaletwa mashine ya kukatia, na kila karatasi iliyoingia darasani ilikuwa imekatwa kingo zake zote nne, ili maandishi yaanzie mwanzo kabisa wa karatasi na kuishia mwisho wake kabisa. Vipande vilivyobaki havikutupwa, maana Kituo hakipendi ubadhirifu. Vilijazwa kwenye magunia na kupelekwa kijiji cha Isambilo, vitumike kujipangusia, kama mchango wa Kituo kwa usafi wa wananchi.

Nyamizi alivijua vipande hivyo vizuri kuliko mtu yeyote pale Kituoni. Alizaliwa Isambilo. Alijifunza kuandika kwenye vipande hivyo, akiviokota safi kutoka kwenye gunia kabla wenziwe hawajavitumia, na ukurasa wake wa kwanza maishani ulikuwa na upana wa vidole viwili.

“Usije ukamwambia mtu,” Bupe, aliyelala kitanda cha pili chumbani, alimwambia. “Na darasani usiulize. Dada yangu aliuliza hapa hapa. Sasa hivi anauza vitumbua.”

“Vizuri?”

“Vitumbua? Vitamu sana.”

“Basi si haba.”

“Wee! Cheka tu. Utaishi na digrii au na karai la vitumbua, chagua mwenyewe.”

*

Mwaka wa maandalizi ulimalizika kwa Zoezi la Utafiti, na bila kufaulu zoezi hilo hakuna aliyeingia chuo kikuu. Mkuu wa Kituo, Profesa Mwakitope, alilifungua kwa hotuba. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuvutia usingizi, na alipozungumza alipenda kufumba macho ili asisumbuliwe na wasikilizaji.

“Vijana wangu,” alisema, “zamani mtafiti alikwenda kijijini asijue atakuta nini. Hebu fikirini! Mtu mzima, na digrii zake, anakwenda mahali asijue atakuta nini! Ni aibu. Ni hatari. Sisi hapa tumeliondoa hilo. Ninyi mtakwenda Isambilo mkijua kila kitu, na mtarudi mkijua kile kile. Hiyo ndiyo inaitwa elimu isiyopotea njiani.”

Walipiga makofi. Nyamizi naye alipiga, kwa kuwa makofi yalikuwa na alama tano.

Ili jambo hili lieleweke bila kumwonea mtu, ni lazima lielezwe tangu mwanzo. Katika mwaka wa kwanza wa Kituo, wanafunzi walikwenda Isambilo na dodoso la maswali manane, wakawahoji watu wa kaya arobaini. Majibu yalikuwa ya kupendeza. Waziri akayasoma Bungeni, na kilichosomwa Bungeni huwa ni cha taifa. Kituo kikayachapisha kwa jalada gumu, kikakiita kitabu hicho Mwongozo wa Kusahihisha, na kuanzia hapo dodoso la kila mwanafunzi lililinganishwa na Mwongozo kisha likapewa alama.

Mwaka wa pili kukatokea vurugu. Kaya namba tisa ilikuwa imenunua mbuzi. Kaya namba thelathini ilikuwa imepata mapacha. Wanafunzi walioandika walichokiona wakafeli, na wazazi wao wakaja kulalamika kwamba watoto wanaonewa. Kituo kinajali haki. Kikakaa, kikaona njia ni mbili tu: ama Mwongozo urekebishwe, ama kijiji kizuiwe kubadilika. Mwongozo ulikuwa na jalada gumu.

Kwa hiyo Isambilo ikaombwa, kwa heshima zote, ibaki kama ilivyo. Mbuzi aliliwa. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya zoezi, wanakijiji walifanyiwa semina ya wahojiwa, wakakumbushwa majibu yao, wakapewa soda. Taratibu wakaacha hata kuitana majina. “Kumi na Nne, umeamkaje?” “Salama, Ishirini na Moja, habari za mguu?” Mama yake Nyamizi ndiye aliyekuwa Kumi na Nne. Alikuwa ameshinda mara tatu cheti cha Mhojiwa Bora wa Taifa, kwa kujibu miaka yote bila kukosea hata pumzi.

Swali la tano lilisema: *Je, kaya ina choo chake?* Jibu sahihi lilikuwa *Hapana*, maana mwaka wa kwanza hapakuwa na kaya yenye choo. Swali la sita lilisema: *Je, kijiji kinanufaika na Choo cha Mfano?* Jibu sahihi lilikuwa *Ndiyo*. Choo hicho kilijengwa kando ya barabara, kina kuta za matofali, bati, bomba la kutolea hewa, mlango wa bluu, na kibao cha marumaru chenye jina la Waziri. Ndani hakina shimo. Shimo halikuwa kwenye orodha ya ukaguzi, kwa sababu mkaguzi hukagua akiwa ndani ya gari, na shimo halionekani kutoka garini. Kilifungwa kwa kufuli siku ya uzinduzi, ufunguo ukapelekwa Kituoni kwa usalama.

Basi kaya arobaini, zilizokatazwa kuchimba vyoo ili zisiharibu swali la tano, zilikwenda vichakani kando ya kijito, na maji zilichota kijitoni humo humo, hatua thelathini chini yake. Masika yakija, mvua ilizoa kila kilichokuwa vichakani ikakipeleka majini, na watu wakanywa. Kila mwaka walihara. Kila mwaka walizika. Ugonjwa haukuwamo kwenye dodoso, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Kaya namba ishirini na tatu ilikwisha kabisa, na sasa majibu yake hutolewa na kaya namba ishirini na nne, kwa sauti ya puani kidogo, ili kutofautisha.

Kabula, mdogo wake Nyamizi, alikufa masika ya kwanza baada ya Mwongozo kuchapishwa. Alihara siku mbili. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu mzima aliyechoka na mambo ya watu, na jioni akanyamaza. Mama alikwenda kumwarifu mwenyekiti wa kijiji, Bwana Malugu, ambaye alilia naye kidogo, kisha akasema, “Pole sana, Kumi na Nne. Lakini kwenye kitabu mna wanne.”

*

Kaya ziligawiwa wanafunzi kwa kura. Nyamizi aliokota karatasi iliyokunjwa, akaifungua, akaenda kwa Mkufunzi Ndosi, msimamizi wa zoezi, kijana mwembamba aliyetembea na Mwongozo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

“Mkufunzi, nimepata kumi na nne. Huyu ni mama yangu mzazi.”

“Vizuri,” Ndosi alisema. “Hutapotea njia.”

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, khanga mpya, vyeti vyake vitatu vimetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Mbele yake, juu ya mkeka, walikaa watoto wanne. Hapa napo pana maelezo. Katika Mwongozo watoto wa kaya hiyo walikuwa na miaka kumi, saba, sita na minne, nao hawakuwa na ruhusa ya kukua. Kila mwaka mwenyekiti aliazima watoto wa umri huo kwa majirani. Kaka yake Nyamizi, Lugendo, mwenye ndevu sasa, alikuwa mbali akipasua mbao, na mahali pake palikaa mtoto wa miaka kumi. Mdogo wake, Masele, alikuwa akichunga ng'ombe wa watu, na mahali pake palikaa mtoto wa miaka sita. Hata Nyamizi mwenyewe alikuwapo, ana miaka saba, anajikuna goti.

“Shikamoo, mama.”

“Salamu haimo,” alisema Ndosi, aliyesimama pembeni. “Anza la kwanza.”

“Namba ya kaya?”

“Kumi na nne.” Sauti ya mama ilikuwa ile ya semina, iliyonyooka kama uzi wa fundi uashi. Macho tu ndiyo yalimwambia: umekonda, huko mnakula nini?

“Kazi ya mkuu wa kaya?”

“Kilimo.”

“Swali la tatu. Kaya ina watoto wangapi?”

Mtoto wa nne, binti wa jirani, alikuwa amevaa gauni la njano. Lilikuwa na mfuko mmoja kifuani, na mfuko huo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa iliyokwenda kombo. Nyamizi aliijua mishono ile. Aliishona mwenyewe akiwa na miaka saba, Kabula amemkalia miguuni akimhimiza, “Maliza, dada, maliza, nitie karanga.” Miaka kumi na miwili gauni lile lilikuwa likifuliwa na kutunzwa sandukuni kwa ajili ya siku moja tu, kila mwaka juu ya mtoto mwingine.

“Wanne,” mama alisema.

Alilisema vizuri. Mtu asiyejua angelipigia makofi. Nyamizi alitazama gauni, akainamisha kichwa, akaandika: *3*.

*

Kikao kilichomhoji kiliitwa Baraza la Nidhamu ya Takwimu. Walikuwa watano, na mezani palikuwa na sambusa, kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Profesa Mwakitope aliongoza. Kulia kwake alikaa bibi mmoja mwakilishi wa Wizara, mwenye miwani ya dhahabu na leso ya kufutia vidole.

Mkufunzi Ndosi alitoa ushahidi kwanza.

“Alitazama juu, Mheshimiwa.”

“Alitazama juu?”

“Katikati ya swali la tatu. Aliinua macho kutoka kwenye dodoso, akamtazama mhojiwa. Na watoto pia.”

Baraza liliguna. Bibi wa Wizara aliandika jambo, akalipigia mstari.

“Binti,” alisema Profesa, akitafuna, “Mwongozo una wanne. Bunge lina wanne. Mabango yetu ya maonyesho yana wanne. Wewe una watatu. Huyu mmoja umempeleka wapi?”

“Sikumpeleka mimi, Profesa. Alikufa kwa kuhara.”

“Cheti cha kifo?”

“Hakikutolewa. Waliambiwa kitabu kimeshachapishwa.”

“Sasa unaona.” Alifumba macho kwa huruma. “Kitakwimu hajafa. Mtoto yule ni hai zaidi kuliko wengi wetu. Mawaziri watatu wamemtaja kwenye hotuba. Amesafiri hadi ng'ambo, kwenye jedwali la pili, safu ya nne. Ni watoto wangapi wa Isambilo wamefika ng'ambo? Na wewe, dada yake, ndiye unayetaka kumuua?”

“Hii ndiyo shida,” alisema bibi wa Wizara, “ya kuruhusu watafiti wawe na mama.”

Hata hivyo Baraza halikuwa na ukatili. Profesa alisukuma dodoso mbele ya Nyamizi, na kalamu juu yake. Afute tatu, aandike nne. Jumatatu angeingia chuo kikuu, historia, chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha linalotazama maktaba. Nyamizi alikuwa amewahi kuliona dirisha lile kwa nje. Alikuwa amehesabu kutoka mlangoni ni la ngapi.

Hakuigusa kalamu. Ndipo Profesa akaagiza aletwe mhojiwa.

Mama alikuwa ameletwa na gari la Kituo tangu asubuhi, akawekwa kwenye benchi nje. Aliingia na cheti kimoja mkononi, kile kikubwa, endapo wangemwomba. Alisimama alipoelekezwa. Hakumtazama bintiye.

“Mhojiwa Kumi na Nne,” alisema Profesa, kwa upole kabisa. “Kaya yako ina watoto wangapi?”

“Wanne.”

“Mmesikia!” Profesa alipiga meza, sambusa zikaruka. “Miaka kumi na mitatu! Hajayumba! Hii ndiyo data, mabwana! Hii ndiyo—”

“Lugendo, Nyamizi, Masele na Kabula,” mama aliendelea kwa sauti ile ile ya semina, maana semina iliwafundisha kumaliza jibu. “Lugendo anapasua mbao. Masele anachunga. Nyamizi ndiye huyo hapo mnamtafuna pamoja na sambusa. Kabula yuko nyuma ya Choo cha Mfano, upande wa kushoto, kichwa kimeelekea mlimani. Nilimzika pale kwa kuwa katika Isambilo nzima hapo ndipo mahali pekee pasipo na mavi.”

Kimya kilichofuata kingepata alama zote Alhamisi.

Bibi wa Wizara alisogeza sahani yake mbali, akaziba pua kwa leso. “Samahani,” alisema, “lakini lugha hiyo imenichafua roho. Watu tunakula.” Wajumbe wawili walikubaliana naye kwamba neno lile ni chukizo, na kwamba semina ijayo ilipige marufuku. Katibu aliuliza kama liingie kwenye kumbukumbu.

“Andika ‘wanne’,” alisema Profesa.

Mama alishusha cheti chake mezani, taratibu, karibu na sahani, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Kisha, kwa mara ya kwanza, alimtazama bintiye, akasema, “Andika, mama. Ni wanne kweli.”

Nyamizi akachukua kalamu. Akafuta tatu, akaandika nne, kwa mwandiko mzuri. Profesa alianza kutabasamu. Tabasamu halikufika mwisho, kwa sababu binti alikuwa ametia mkono mfukoni na kutoa kipande cheupe, kirefu, cha upana wa vidole viwili. Alitoa na pini kwenye ukosi wake. Akakibandika kipande kile kwenye ubavu wa dodoso, pale pale kilipokuwa kabla ya kukatwa, akaandika juu yake, kwa herufi ndogo alizojifunzia utotoni: *Mmoja amekufa. Choo hakina shimo. Nimeona.*

Wajumbe walilipokezana lile dodoso kwa ncha za vidole. Hakuna sheria iliyokataza kuandika kwenye ukingo, kwa kuwa kingo hazikuwapo. Katibu alijaribu kulitia kwenye faili. Likatokeza nje. Alijaribu faili jingine. Likatokeza. Kulikunja haikuruhusiwa, maana hati ya taifa haikunjwi. Kukibandua kipande kulihitaji saini ya Waziri, na Waziri angetaka kusoma kwanza anachobandua.

Walijadiliana hadi sambusa zikaisha. Uamuzi ukasomwa wakiwa wamesimama: Nyamizi ameondolewa katika Kituo, na hatapokelewa kamwe chuo kikuu, kwa kosa la kuwasilisha karatasi isiyoenea kwenye faili. Kuhusu mtoto, Baraza lilithibitisha jibu la mhojiwa na kumpongeza.

Barua ya kufukuzwa alipewa mlangoni. Ilikuwa na mistari mitatu tu, na kingo nne, pana, nyeupe kabisa.

*

Asubuhi ya pili baada ya kurudi nyumbani, Nyamizi aliazima sururu, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba ya mama yake. Alipofika kiunoni, mwenyekiti Malugu alikuja akasimama juu ya udongo mwekundu, mikono nyuma.

“Nyamizi, mwanangu, unaharibu swali la tano.”

“Najua, mwenyekiti.”

“Wakija itakuwaje?”

“Kwani wataangalia?”

Malugu alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa ameshuhudia mazoezi kumi na matatu. “Hapana,” alikiri. Akachutama ukingoni mwa shimo, akalitazama kwa muda. “Basi vuta huku upande wa mgomba. Hapo mbele utakuta mwamba.” Kesho yake alikuja na koleo.

Masika yalipita. Kaya namba kumi na nne haikuzika mtu. Kaya namba ishirini na nne ikachimba shimo la kwake, na jingine dogo kwa niaba ya ishirini na tatu.

Mwaka wa kumi na nne wanafunzi wakaja kama kawaida. Aliyepangiwa kumi na nne alikuwa binti mmoja mwenye viatu vyeupe, mpole, macho yake hayatoki kwenye karatasi. Alifika akiwa amejikunja kidogo. Maharage ya Kituo hayakuwa yameiva. Alikuwa amekwenda hadi Choo cha Mfano, akatikisa kufuli, akarudi anatokwa jasho. Mkufunzi Ndosi alikuwa garini, kule barabarani.

“Dada,” alimnong'oneza Nyamizi, “samahani sana. Nina swali, ila halimo.”

“Uliza tu.”

“Watu wa hapa… mnajisaidia wapi?”

Mama aligeuza kichwa kwenye kigoda chake. Majirani nao waligeuka. Tangu Mwongozo uchapishwe, hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa Isambilo na mtu asiyejua jibu.

Nyamizi alimshika mkono, akamzungusha nyuma ya nyumba, akamwonyesha. Binti alipotoka, alimmiminia maji ya kunawa. Binti alirudi mkekani uso umemchangamka, akashukuru mara mbili, akafungua dodoso na kuanza. Namba ya kaya. Kazi. Watoto. Mama alijibu wanne, na binti akaandika nne.

“Swali la tano. Je, kaya ina choo chake?”

Mama alimtazama yule mtoto wa watu, kwa subira, kama anavyotazamwa mtu anayetafuta kitu alichokishika.

“Wewe umetoka wapi sasa hivi, mwanangu?”

Binti aliinua macho, akatazama nyuma ya nyumba, kisha barabarani, kwenye gari.

“Mama, naomba ujibu kama semina,” alisema. “Mimi nataka kwenda chuo kikuu.”

Na kwa kuwa jibu lilichelewa, akaandika mwenyewe: *Hapana*.

Nyamizi aliingia ndani, kwenye gunia la Kituo, akachagua kipande kirefu, cheupe, kisicho na doa. Akatoka, akampa yule binti, pamoja na pini na kalamu. Binti alivipokea kwa mikono miwili, akakitazama kile kipande, akakigeuza upande wa pili, akasema ahsante sana dada, umefikiria jambo la maana. Akaweka kalamu na pini chini. Kisha akainama, akafutia kile kipande udongo mwekundu kwenye viatu vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka vikawa vyeupe.